Muulize Wakili: Daftari lililovuka Ruvuma

Mwezi huu nilikusudia kujibu maswali ya mirathi. Ndiyo yaliyojaa kwenye simu yangu tangu minada ya korosho ianze, maana fedha zikiingia ndugu hukumbukana. Lakini kijana wa bodaboda aliniletea ofisini barua ya mkono kutoka Kilambo, huku Mtwara mpakani na Msumbiji, imekunjwa mara nne na kutiwa ndani ya pakiti tupu ya majani ya chai, ikanipangua. Toleo lililopita niliigusia kwa mistari miwili tu, na wasomaji wengine mkaja na yenu ya namna ile ile, kutoka Ligula hadi Kilwa. Basi mirathi ingoje. Marehemu hana haraka. Wenye haraka ni warithi.

*Wakili, shikamoo. Mimi ni mama wa Kilambo, nauza samaki wa kukaanga. Mwaka 2021, Palma ya Msumbiji ilipovamiwa, nilimpokea shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, pamoja na wanawe wawili. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko ng'ambo, ingawa yeye mwenyewe alisomea huku kwetu enzi za vita vya ukombozi. Alivuka mto na daftari. Humo ameandika watu wa kijiji chake waliouawa, na pengine jina la aliyeua, kwa kuwa baadhi yao ni vijana aliowafundisha kusoma. Shemeji naye ametutoka mwaka jana, kwa maradhi. Daftari limebaki kwangu. Wapo wanaoniambia nilichome litaniletea balaa, wapo wanaosema nilipeleke The Hague. Mimi Dar es Salaam yenyewe nimefika mara moja. Nifanye nini? Na waliotajwa humo wanaweza kushtakiwa kweli, au ni karatasi tu?*

Marahaba, mama. Kwanza kabisa, usilichome.

Wasomaji wengine hawajui kwamba nilikuja Kilambo kuliona, kwa hiyo niwasimulie. Ni daftari la shule, jalada limefubaa kwa maji ya mto, nyuma lina jedwali la kuzidisha. Mwalimu amepiga mistari kwa rula kama anaandaa mahudhurio, akapata safu tano: jina, umri, siku, mahali, nani ameona. Ameanza kwa wino wa buluu. Ukurasa wa saba wino unafifia, neno la mwisho limekwaruzwa tu bila rangi, halafu anaendelea kwa penseli. Pale ambapo hakushuhudia mwenyewe, kwenye safu ya tano ameandika ni nani aliyemweleza. Pembeni, nje ya mstari, ndipo alipoweka jina la muuaji kama linajulikana. Kama halijulikani ameandika "sijui". Niliyahesabu hayo ya "sijui" nikiwa nimekaa kwenye kigoda chako, wewe ukigeuza samaki: kumi na moja.

Nimesimama mahakamani miaka ishirini na kitu, mama, na shahidi anayenitia hofu ni yule anayejua kila kitu. Wakili wa upande wa pili akimpata huyo, humchezea kama paka na panya. Shemeji yako, kwa zile "sijui" kumi na moja, ameyapa uzito majina mengine yote aliyoyaandika.

Sasa niseme uhalifu wa kivita ni nini, maana si kila uovu unaotendeka wakati wa vita unaitwa hivyo. Mtu akitumia vurugu kumuua jirani yake ili achukue mikorosho yake, hayo ni mauaji ya kawaida, na mahakama ya kawaida inamtosha. Ili kosa liitwe uhalifu wa kivita ni lazima pawe na mapigano ya silaha yenye kundi lililojipanga, na tendo lenyewe lifungamane na mapigano hayo. Hapo ndipo penye kumuua asiyeshika silaha au aliyekwisha kuiweka chini, kukata watu viungo, kubaka, kuteka nyara, kupora, kukusudia kushambulia kijiji cha raia, kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15. Sheria haiulizi sare. Wa msituni na wa kambini wanapimwa kwa ratili moja. Nasema hivi kwa sababu kuna mistari miwili katika daftari lako inayotaja watu waliovaa magwanda, na ulinionyesha kwa kuificha kwa kidole gumba. Nayo ibaki kama ilivyo.

Kuhusu The Hague, ule mji wa Uholanzi wenye mahakama ya kimataifa, hapa ndipo Ruvuma inapokuwa pana kuliko unavyoiona ukiwa gatini. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, yaani ICC, ilizaliwa kwa Mkataba wa Roma wa tarehe 17 Julai 1998 na ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2002. Tanzania iliuridhia mkataba huo Agosti 2002. Msumbiji iliutia saini mwaka 2000, ikaishia hapo. Ni posa iliyopokelewa, ndoa haikufungwa.

Mahakama hiyo humfikia mtu kwa njia mbili za kawaida: ardhi na uraia. Kosa litendeke kwenye ardhi ya nchi mwanachama, au litendwe na raia wa nchi mwanachama. Kwa hiyo raia wa Msumbiji aliyemuua raia wa Msumbiji ndani ya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, tangu vita ile ilipoanzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017, ICC haimfikii, ila serikali ya Maputo ikubali kwa tamko rasmi, au Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipeleke jambo lenyewe huko, kama lilivyofanya kwa Darfur mwaka 2005 na Libya mwaka 2011. Lakini kijana wa Kitanzania aliyevuka mto akaenda kuua huko anafikika kwa uraia wake. Na wale waliokuja upande wetu wakavamia kijiji cha Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020 walikanyaga ardhi ya nchi mwanachama. Hawaulizwi walizaliwa wapi.

Hata hivyo The Hague si mlango wa kwanza. Ile ni mahakama ya akiba. Inaingia pale ambapo nchi yenyewe haitaki au haiwezi kufanya kesi ya kweli, na hata hapo huchukua makosa mazito tu. Majina mengi ya shemeji yako mlango wake wa kwanza ni mahakama za Msumbiji, na mengine machache ni zetu. Utasema hizo nazo ni mwendo wa konokono. Kweli. Ila makosa haya hayaozi: Mkataba wa Roma unasema waziwazi kwamba hayana ukomo wa muda. Fulgence Kayishema, aliyekuwa akitafutwa kwa mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, alikamatwa Mei 2023 huko Paarl, Afrika Kusini. Ni miaka 29. Karatasi zilizomtaja zilikuwa zimekaa mahali zinamngoja.

Basi lako nalo likae. Lifunge kwa karatasi kavu, ulitie kwenye bati la biskuti, ulitoe jikoni maana moshi na mvuke wa mafuta vinalila. Usilipeleke likafunikwe kwa nailoni ya moto kama cheti; ukifanya hivyo hakuna mtaalamu atakayeweza kuupima wino. Usilinakili upya kwa mwandiko mzuri halafu ukatupa la zamani. Nakala ya picha tupige, lakini isiingie kwenye kundi la WhatsApp, hata la ukoo. Na usiwakusanye wajane wa kijiji kile mkae mkekani kukumbushana. Najua ni ubinadamu kukumbushana, ila wakisha kukaa pamoja hadithi zao zitakuwa moja, na mahakamani hadithi moja kutoka midomo minane huhesabiwa kuwa hadithi ya mtu mmoja.

Habari yenyewe inaweza kutumwa na mtu yeyote kwa ofisi ya mwendesha mashtaka wa ICC. Hakuna ada wala huhitaji wakili. Wewe hutakuwa mlalamikaji wala mshtaki, utakuwa umetoa taarifa tu, na ofisi ile inapokea taarifa nyingi mno ambazo hazifiki popote. Lakini usitume kitu kabla hatujaketi mimi na wewe kupima usalama wako na wa watoto wale wawili. Nimekupangia siku, nitarudi kwako mwisho wa ukurasa.

*Wakili, mimi ni kijana wa Ligula. Kwa nini wasishtaki kundi zima, au nchi inayowafadhili, badala ya kuhangaika na mtu mmoja mmoja? Mtu mmoja ataua watu wangapi?*

Nusu ya swali lako ina jibu jepesi. Nchi hushtakiana katika Mahakama ya Haki ya Kimataifa, ambayo nayo iko The Hague, ndiyo maana watu huzichanganya kila siku, hata watangazaji. Serikali ikidaiwa kuvunja haki za binadamu, ipo Mahakama ya Afrika pale Arusha. Huko kote hafungwi mtu. Nchi huamriwa ilipe au irekebishe. Kundi halina mkono wa kutiwa pingu. Nuremberg mwaka 1946, walikoshtakiwa wakubwa wa Ujerumani ya Hitler, majaji walilisema hilo: makosa haya hutendwa na watu, na ni kwa kuwaadhibu watu ndipo sheria inatimia. Walikuwa washtakiwa 22. Kumi na wawili walihukumiwa kunyongwa, saba jela, watatu wakaachiwa huru. Hao watatu ndio ninaopenda kuwataja kwa wanafunzi wa uwakili.

Nusu ya pili, ile ya mtu mmoja ataua wangapi, nilijibiwa mimi kwa macho. Mwaka 2001, nikiwa mwanafunzi wa sheria Mlimani, tulichangishana nauli watu watano tukapanda basi kwenda Arusha kuiona mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda. Ilikuwa ndani ya jengo la mikutano la kimataifa, lile la AICC. Tulikaguliwa mifuko, tukapewa vifaa vya masikioni, tukakaa nyuma ya kioo kikubwa kama watu wanaotazama samaki. Ilikuwa kesi ya vyombo vya habari: redio ya RTLM na gazeti la Kangura, vilivyochochea mauaji yale. Mshtakiwa mmoja alikuwa profesa wa historia, Ferdinand Nahimana. Mwingine mhariri, Hassan Ngeze. Wa tatu, Jean-Bosco Barayagwiza, hakuwepo. Alikuwa amegoma kuhudhuria. Nilitegemea kuona majitu. Niliona wanaume wa makamo wanaandika vidokezo na kunywa maji.

Shahidi aliketi nyuma ya pazia, hana jina, ana herufi tu. Wakili wa utetezi alimwuliza umbali kwa mita kutoka nyumba hadi barabarani. Ikapita kimya ndefu. Mkalimani naye kimya. Mimi wa Newala, niliyekulia kwenye vijiji ambako umbali hupimwa kwa miembe, nikajikuta nimeshika ukingo wa kiti. Swali lenyewe lilikuwa halali kabisa. Ningekuwa mimi wakili ningeliuliza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kesi ya mtu aliyechochea nchi nzima kwa redio inaweza kulala au kusimama juu ya mita za mwanamke mmoja.

Walitiwa hatiani Desemba 2003. Rufaa ya mwaka 2007 iliwafutia baadhi ya makosa na kupunguza vifungo: Nahimana miaka 30, Barayagwiza 32, Ngeze 35. Kwa hiyo, mwanangu, mtu mmoja mwenye kipaza sauti huua wengi. Na Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, alikiri mwenyewe akafungwa maisha mwaka 1998. Mwaka huo huo meya wa Taba, Jean-Paul Akayesu, akawa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa, na ubakaji ukahesabiwa kuwa sehemu ya mauaji hayo. Shtaka la ubakaji halikuwemo mwanzoni. Wanawake walilitaja wakiwa kizimbani, bila kuulizwa sana, na mwaka 1997 hati ya mashtaka ikabadilishwa.

Ukitaka kunibana, nibane hapa: mpaka inafungwa mwisho wa 2015, mahakama ile ilikuwa imewashtaki watu 93 tu. Wengine wote waliachiwa mahakama za Rwanda na mabaraza ya vijijini yaitwayo gacaca. Ni kweli. Wavu ule hunasa papa, dagaa huvuliwa nyumbani.

*Wakili, mimi ni mwalimu mstaafu wa Kilwa Kivinje. Hapa kwetu Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, na mahali penyewe tunapaita Mwembe Kinyonga hadi leo. Mwaka 1905 Majimaji ilipoanzia Nandete, walichoma vijiji na vyakula mpaka watu wakafa njaa. Hao hawana kesi?*

Shikamoo, mwalimu. Swali lako limenikuta kwenye jeraha.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Liwale. Sisi wajukuu tulikuwa tukipenda ming'oko, ile mizizi ya porini, kuliko peremende. Ikichemshwa jioni na chumvi na pilipili tulikuwa tukigombania sufuria. Bibi hakuigusa. Alikuwa akisema mama yake alilelewa kwa mizizi, naye amekula fungu la ukoo wote. Nilidhani ni maneno ya wazee. Baadaye nikasoma kwamba Gavana von Götzen na maofisa wake waliitumia njaa kama silaha, kwa makusudi na kwa maandishi: mashamba yachomwe, nafaka ichukuliwe, watu waje wenyewe kusalimu. Waliokufa hukadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000, na wengi hawakufa kwa risasi.

Kisheria ya jinai, hawana kesi. ICC haiangalii nyuma ya tarehe 1 Julai 2002, na maiti hashtakiwi. Götzen alikufa mwaka 1910 kitandani kwake huko Ujerumani au popote alipokuwa amelala, sisi hatukuulizwa. Ukiniuliza kama waliyoyafanya yana jina katika sheria ya leo, yanalo. Kuwanyima raia chakula ili kuwashinda ni uhalifu wa kivita katika vita baina ya mataifa, na mwaka 2019 nchi wanachama zilikubaliana kuuongeza pia kwenye vita vya ndani. Bibi yangu angecheka kwamba imewachukua watu wasomi zaidi ya karne moja kufika mahali alipokuwa amefika yeye kwa kusukuma sahani.

Lililobaki ni la serikali kwa serikali. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha. Mafuvu, fidia, mali za makumbusho, hayo yote hupita milango mingine, si ya jinai, nami si mtaalamu wake.

Ila kwa kuwa unaishi jirani na magofu ya Kilwa Kisiwani, nikupe kesi moja utakayoipenda. Ahmad al-Faqi al-Mahdi wa Mali alifikishwa ICC kwa kosa la kubomoa makaburi ya mawalii na mlango wa msikiti huko Timbuktu mwaka 2012. Alikiri, akafungwa miaka tisa mwaka 2016. Shtaka lilihusu majengo tu. Wasimulie hao vijana wanaopanda juu ya kuta za Husuni Kubwa kupiga picha.

*Wakili, naandika kutoka Masasi, usitaje jina. Mpwa wangu alichukuliwa huko ng'ambo akiwa na miaka 14, akatoroka akiwa na 17. Alibeba mizigo, baadaye bunduki. Usiku anapiga kelele. Anaogopa akijitokeza atapelekwa The Hague.*

The Hague haendi. Kifungu cha 26 cha Mkataba wa Roma hakimgusi mtu aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda. Mbele ya mahakama ile, aliyemchukua ndiye mhalifu. Hukumu ya kwanza kabisa ya ICC, mwaka 2012, ilikuwa ya jambo hilo hilo: Thomas Lubanga wa Kongo alifungwa miaka 14 kwa kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani.

Kuna kesi nyingine ambayo watu wataitumia kumtisha, kwa hiyo aijue. Dominic Ongwen wa Uganda alitekwa na LRA, jeshi la waasi wa huko, akiwa mtoto njiani kwenda shule. Alikulia humo, akawa kamanda. Mwaka 2021 alitiwa hatiani kwa makosa 61 akafungwa miaka 25. Makosa hayo aliyatenda akiwa mtu mzima, na majaji walipopanga adhabu waliupima utoto wake, ndiyo maana hakupewa kifungo cha maisha. Naikubali hukumu ile, ingawa kila nikiisoma naisoma polepole.

Sheria za nyumbani ni habari nyingine na sitaziandika hapa. Njoo naye ofisini, mje jioni baada ya saa kumi. Hatutaandika kitu siku hiyo.

*Shikamoo mama wakili. Mimi dereva wa Lindi, nasikiliza sana redio njiani. Hiyo ICC si ya kuwafunga Waafrika tu?*

Marahaba. Kwa miaka mingi ilionekana hivyo, na lawama hiyo haikutoka hewani. Washtakiwa wa mwanzo wote walikuwa wa bara hili. Marekani, Urusi na China si wanachama, na wote watatu wana kura ya turufu kwenye Baraza la Usalama. Mwenye kisu ndiye anayegawa nyama asiyoila. Hilo linanikera kama linavyokukera.

Ila usisahau kwamba Uganda, Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Mali zilipeleka kesi zao zenyewe. Na mambo yamebadilika kidogo: hati ya kumkamata Putin ilitoka Machi 2023, ya Netanyahu Novemba 2024, na Duterte wa Ufilipino alifikishwa The Hague Machi 2025. Hati si pingu, lakini. Mahakama ile haina hata polisi mmoja wa kukamata mtu barabarani, inategemea nchi. Omar al-Bashir, rais wa Sudan wakati huo, alikwenda Afrika Kusini mwaka 2015 hati ikiwa mfukoni mwa kila mtu, akarudi nyumbani salama. Kenya nayo unaikumbuka: mashtaka ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, kesi ya Ruto ikasimamishwa Aprili 2016, na mwendesha mashtaka akilalamika kwamba mashahidi walivurugwa. (Zile hazikuwa kesi za uhalifu wa kivita, ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, Kenya haikuwa vitani. Kwenye redio watalichanganya tena kesho.)

Jean-Pierre Bemba, aliyekuwa makamu wa rais wa Kongo, alihukumiwa miaka 18, mwaka 2018 rufaa ikamwachia. Kwa hiyo ukiniuliza kama ni mahakama nzuri, nitakwambia ni mahakama dhaifu. Naitaka hivyo hivyo, kama ninavyotaka zahanati yenye dawa nusu.

*Wananyonga? Msomaji, Newala.*

Hapana. Mwisho ni miaka 30, au maisha kwa makosa mazito kupindukia. Ajabu ni kwamba muuaji wa kawaida akihukumiwa hapa kwetu anaweza kukutana na adhabu ambayo ICC haimpi mbabe wa vita.

*Kwa mama wa Kilambo, tena.*

Ulikuja Alhamisi kama tulivyopatana, umelifunga daftari kwenye kitenge ndani ya bati. Tulipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Umeme ukakatika tulipofika kwenye kurasa za penseli. Gesi inatoka ardhini kwetu, giza nalo letu. Tukahamia dirishani, karani akashika rula pembeni ya kila ukurasa ili vipimo vionekane, tukamaliza kabla ya magharibi. Nakala moja imefungwa mahali tulipokubaliana, na karatasi inayoeleza daftari limepita mikono ya nani tangu lilipovuka mto umeitia saini, na mimi nimeitia.

Mkiwa mnafunga virago uliniomba kalamu. Ulitaka kuongeza mstari kwenye ukurasa wa mwisho: jina la shemeji, umri, siku aliyofariki, mahali. Nikakuzuia, na najua ilikuuma, maana safu zile alizipiga yeye na mstari mmoja ulikuwa umebaki wazi. Daftari lile ni lake, lisiongezwe hata nukta. Ya kwako, jinsi alivyokuja usiku ule, alichokueleza na ulichokiona kwa macho yako, yaandike kwenye daftari lako mwenyewe, na pale usipojua uandike kama yeye.

Hukunijibu. Ulishuka ngazi na bati lako kwapani. Chini ya ofisi yangu pana duka la vifaa vya shule, na dirisha lilikuwa wazi, nikakusikia unauliza bei ya daftari na rula.